Mtani Hajamaliza Kazi

Mwili wa nne kuletwa hemani kwangu asubuhi ile ulikuwa wa Gerevasi Kikoti, na Gerevasi Kikoti mimi nilishamzika.

Nilimzika kwao Kalenga, mwezi uliopita. Nilikula wali wa msiba, nikalia, kisha nikaingia kaburini na viatu vyangu, nikalala chali na kukataa kutoka mpaka waniletee jogoo, maana mimi ni Mngoni na yeye ni Mhehe, na hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Nilimtukana mbele ya wakwe zake. Nilisema amekabwa na mfupa wa mbwa, na kwamba mbinguni wamemfungia geti kwa sababu wanafuga mbwa wa ulinzi na wanawahitaji. Mjane wake alicheka huku kamasi zinamtoka. Jeneza lilikuja limeshapigiliwa misumari na Studio, waajiri wetu, tukaambiwa ni mambo ya maradhi, lisifunguliwe. Lilikuwa zito, wabebaji wakawa wanapokezana njiani. Walitia nini mle ndani mpaka leo sijui, lakini hapa Mufindi magogo ya misonobari hayajawahi kutupungukia.

Sasa huyu hapa. Ameketishwa kwenye kiti changu cha chuma, kifua wazi, ananuka dawa, macho yamekodolewa. Kovu la kidevuni ni lile lile la siku aliyotuangusha na pikipiki kwenye matope ya Mgololo, halafu akadai barabara ndiyo iliyohama.

"Huyu mmemtoa wapi?" nilimuuliza Mgimwa, mlinzi anayesukuma miili kutoka chumba cha baridi.

"Dada Osmunda, mimi nasukuma viti tu."

"Nakuuliza, Mgimwa. Unamjua au humjui?"

"Mkimya hana jina, dada. Hana kwao, hana kabila. Ndiyo tulivyoambiwa." Akageuza shingo kwa namna ambayo macho yake yasikutane na yale ya kwenye kiti. "Madam anataka kidonda cha shavu. Kikubwa, meno yaonekane."

Akatoka. Nilisikia hatua zake kwenye changarawe zikienda haraka kuliko kawaida.

Mkimya. Ndilo neno la Studio. Sisi wenyewe tulikuwa tukisema msukule mpaka Madam alipotangaza kuwa atakayelisema tena neno hilo atapanda basi siku hiyo hiyo. Nadhani lilikuwa linasema kweli mno. Kila mtu nchi hii amekua akisikia habari za watu waliozikwa wakaonekana wanalima shamba la mtu usiku, ulimi umekatwa, wanalishwa pumba. Studio Ukungu haikati ndimi. Ina mafundi.

Na haya yote kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya "Watoka Chini." Ilianza kama kitabu chembamba cha kuuzwa stendi: wafu wanatoka ardhini, walio hai wanawapiga mashoka. Kikaja kuwa sinema, sinema ikazaa sinema, ikawa tamthilia ya kila Jumapili, ikawa mchezo wa simu ambao wanangu wa dada wanaucheza hadi chooni, ikawa mabegi ya shule yenye nyuso zilizooza. Ni hadithi moja tu hiyo, wanatoka, wanapigwa, wanatoka tena, na watu hawachoki. Walichochoka ni wafu wa kompyuta. Mtoto wa chekechea siku hizi anaangalia sekunde mbili anakwambia hii feki. Basi Studio ikaleta uzi wa umeme unaotembeza maiti za kweli, na mhuri mwekundu unaotokea mwanzo wa kila sehemu: MWILI HALISI. Hapo watazamaji wakarudi mbio.

Nilifunga pazia la hema langu. Nikashika rangi, nikaiweka chini. Nikamzunguka. Nyuma ya sikio lake la kushoto palikuwa na mshono wa kidole kimoja, ambapo wanauingizia uzi, mwembamba kuliko unywele, unateremka kwenye uti wa mgongo na kutawanyika kila mahali. Kifuani pampu ilikuwa inafanya kazi yake, tiki, tiki.

"Kikoti," nilisema. "Hata kufa umeshindwa, mla mbwa wewe?"

Sikuwa natarajia kitu. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira husema.

"Nimelala kaburini kwa ajili yako na gauni jipya. Nimemtukana nani pale, magogo? Na jogoo mwenyewe waliyenipa alikuwa mgonjwa, kama ukoo wenu wote."

Mkono wake wa kulia ukainuka kutoka kwenye paja. Taratibu, unatetemeka. Ukapanda kifuani, ukapita kidevu, na vidole viwili vikakaa chini ya pua, vikachezacheza.

Niliketi sakafuni.

Lazima nieleze vidole hivyo. Kikoti alikuwa dereva wa gari la jenereta tangu Studio ilipofunguliwa. Kila asubuhi alikuja kwangu kunywa chai, na kila asubuhi nilimuuliza amekula mbwa wa nani. Hakuwahi kunijibu kwa mdomo. Alikuwa anaweka vidole viwili chini ya pua na kuvichezesha, masharubu ya panya, kwa sababu Wangoni tunakula panya na hatuoni haya. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Siku mama yangu alipozikwa Peramiho, alisafiri usiku kucha, akafika, akaniona nimekaa chini nimevimba macho, akaniwekea vidole puani. Kisha akaruka kaburini, akalala, akafumba macho, akakunja mikono kifuani na kukataa kutoka mpaka baba alipomletea kuku mweusi. Nilicheka siku niliyomzika mama yangu. Nani mwingine angeweza kunipa hilo?

*

Sikumwambia mtu kwa wiki nzima, na sababu yake si nzuri. Nilizitaka asubuhi zangu. Mgimwa alikuwa akimleta, mimi nafunga pazia, namwaga chai vikombe viwili, namtukana. Vidole vinapanda. Namwambia habari za kambini, nani kagombana na nani, namtukana tena. Vidole vinapanda. Niliwahi kumweleza kisa kirefu kwa upole, kama mtu mwema anavyoongea na mgonjwa, na akabaki ameketi gogo kabisa. Ilikuwa lazima iwe tusi, na tusi la kitani, lenye mbwa ndani yake.

Lakini kila alasiri walimchukua. Na kila asubuhi alirudi na mpya: nyama ya bega imepasuliwa, sikio limekwenda, shimo la mshale wa chuma tumboni. Kazi yangu ilikuwa kuziba kwa nta na kupaka rangi ili apigwe tena mahali pale pale, maana picha za mfululizo zinataka kidonda kisihame.

"Mshale umekuingia vizuri, mbwa wewe?" nilimuuliza siku ya shimo la tumbo.

Vidole vilipanda, vikafika chini ya pua, lakini havikuchezacheza. Vilitetemeka tu hapo, muda mrefu, mpaka nikavishika na kuvirudisha mapajani mwenyewe. Halafu nikaenda kumtafuta Dokta Temu.

Temu ndiye mwenye uzi. Mchaga wa Kibosho, mrefu, mpole, mtu wa kuomba samahani akipishana na wewe mlangoni. Nilimkuta kwenye kontena lake, kishikwambi mkononi, skrini tele ukutani zenye mistari ya kijani, kila mstari mkimya mmoja. Nilimwambia yote bila kumung'unya maneno.

Hakunicheka. Alinisikiliza, kisha akavua miwani.

"Dada Osmunda, kuku akichinjwa hukimbia. Hajui anakimbia wapi. Mwili una mazoea. Mtu aliyepiga ishara moja kwa miaka kumi na tano, neva zake zimeichongea njia. Uzi unapotia umeme, wakati mwingine umeme unapita njia hiyo ya zamani. Tunaita mwangwi."

"Mwangwi unasubiri nimtukane?"

"Niliwapima wote. Kabla hawajaingia kazini, kila mmoja. Nimewasomea sala zao. Nimewawekea sauti za wake zao na watoto, nyimbo za harusi zao. Nimewaita kwa majina. Mistari haikutikisika hata kidogo."

"Uliwatukana?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama aliwavua nguo. "Mtu anamtukanaje maiti?"

"Mtani anamtukana. Ndiyo kazi yake. Ninyi mmewaita kwa kila mlango isipokuwa ule wa uani."

Tulikwenda hemani. Temu akasimama mbele ya Kikoti na kishikwambi chake, akajikohoza. "Wewe... mla mbwa," alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza soda. Kikoti hakutikisika. Temu akarudia, kwa ukali kidogo. Mstari wake kwenye kishikwambi ulikuwa umenyooka kama barabara mpya.

"Wewe si mtani wake," nilisema. "Kwako hilo ni tusi kweli. Hebu sogea. Kikoti! Umeletewa Mchaga akutukane, umefilisika kiasi hicho? Mbwa mzima amekwisha, unasubiri mkia?"

Vidole vikapanda. Na mstari wa kijani ukaruka, ukaruka tena, ukawa milima. Temu alikaa kwenye sanduku langu la nta.

"Unajua sheria inasemaje," alisema. "Mkimya akionyesha ufahamu, Kamati ya Miili inaarifiwa, na uzi unatolewa siku ile ile. Kwa heshima, ndivyo ilivyoandikwa. Na moyo wake unaendeshwa na uzi, dada. Mapafu pia. Nikiutoa nimemuua."

"Na usipoutoa?"

"Anaendelea kuwa maiti. Kisheria." Akainama. "Mashoka na kila kitu."

"Hakuna namna ya kumrudisha? Aongee, atembee mwenyewe, aende kwa mkewe?"

"Hakuna. Ningekuwa naijua, ningekuwa nimekaa hapa natengeneza sinema?"

Nilimchukia wakati ule, na nilijua simchukii yeye. Alichoniweka mikononi ni hiki: nikisema, namuua Kikoti, nikinyamaza, anapasuliwa kila alasiri akiwa anajua. Na hapana mtu aliyemuuliza mwenyewe. Nitamuulizaje? Ana jibu moja tu, na jibu hilo lina maana ya "na wewe unakula panya."

*

Madam Kagaruki hakusubiri tufikirie. Studio ni ya Mhaya huyu, na ndani ya studio hakuna kona isiyo na kamera, hema langu likiwamo. Alituita ofisini sote wawili baada ya chakula cha mchana. Alikuwa amesimama, ana tabasamu ambalo sijawahi kumwona nalo tangu msimu wa kwanza ulipouzwa nje.

Akageuza skrini. Nilijiona mimi, kanga begani, natukana. Nikaviona vidole.

"Osmunda," alisema, "mbona mnanificha vitu vizuri?"

"Madam, huyo ni Kikoti. Dereva wako."

"Najua ni nani. Alisaini mkataba wa kutuachia mwili akifa, kama mlivyosaini nyote."

"Mlituzikisha magogo!"

"Ningewaambia ukweli mngekubali?" Hakukasirika hata kidogo. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Sikilizeni. Dunia nzima inatengeneza wafu wanaong'ata na kunguruma. Kila mtu anao. Hakuna mwenye mfu anayemcheka anayempiga. Hebu fikirini: shujaa anainua shoka, mfu anaweka vidole puani. Watoto watafanya hivyo shuleni, nchi nzima. Nitatengeneza sanamu za plastiki zenye mkono unaopanda. Huyu simchomi tena moto kama wengine mwisho wa msimu. Huyu namweka. Anaweza kwenda misimu kumi, Temu, si ndiyo?"

Temu alitazama viatu vyake. "Kwa matengenezo," alisema, "hata ishirini."

"Misimu ishirini," nilisema. "Ya mashoka."

"Ya kuishi, Osmunda. Wewe ndiye unayesema yuko hai. Unataka nimuue?" Akaja karibu, akaniwekea mkono begani, na nilihisi manukato yake. "Na utakuwa naye. Kila siku. Namkabidhi kwako peke yako; hakuna mwingine anayeweza kumwamsha. Nani amewahi kupewa hiyo, arudishiwe mtu wake aliyekufa?"

Hiyo ndiyo sumu, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nimewaza hivyo hivyo, kila asubuhi, na chai mbili mezani. Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nikasikia sauti yangu inauliza, "Lini?"

"Leo. Sehemu ya makaburi. Mwanga wa ukungu uko vizuri sana."

*

Uwanja wa makaburi uko katikati ya msitu, mahali walipokata misonobari na kuacha mizizi. Mashimo ni ya kweli, kina cha mtu kifuani, yamechimbwa kwa safu. Ndilo jambo maarufu kuliko yote katika "Watoka Chini": kila msimu huanza na mikono inayotokeza kwenye udongo. Wakimya walishalazwa kila mmoja kwenye shimo lake, wamefunikwa udongo mwepesi uliochekechwa. Shimo la Kikoti lilikuwa la mbele kabisa, chini ya kamera kubwa. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini. Watu wa taa, watu wa sauti, wapishi waliokuja kushangaa, wote walikuwepo. Habari za msukule anayejibu zilishawafikia, na hakuna aliyekuwa anaongea kwa sauti.

Madam alinisimamisha kando ya kamera. "Anatoka, anasimama, unamtukana, anafanya yake. Basi. Temu, wainue."

Temu akapitisha kidole kwenye kishikwambi. Udongo ukaanza kutikisika safu nzima. Mikono ikatoka, vichwa vikatoka, wakaanza kupanda kwa ule mwendo wao mzito wa kuvutwa. Wote, isipokuwa wa shimo la mbele.

"Temu," alisema Madam.

"Nimempa amri."

"Mpe tena."

Nilisogea ukingoni nikachungulia. Udongo mwepesi ulikuwa umemwagika kando, na Kikoti alikuwa amelala chali chini kabisa. Amekunja mikono kifuani. Na macho yake yalikuwa yamefumbwa. Wakimya hawafumbi macho. Uzi huyashikilia wazi kwa ajili ya kamera, na hiyo ni amri isiyozimwa. Yeye alikuwa ameyafumba, kope zinatetemeka kwa nguvu anayotumia.

Nilijua ninachokitazama. Nilishakiona Peramiho, siku ya mama.

"Anafanya nini?" Madam aliuliza. "Osmunda, mtukane!"

"Anazuia kaburi," alisema mtu nyuma. Alikuwa Mgimwa.

"Anazuia nini?"

"Anadai, Madam. Mtani hulala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe anachotaka."

Wapishi wakaanza kunong'ona. Mmoja akacheka kicheko kifupi, akajifunika mdomo.

"Temu, mwinue. Nguvu yote."

Temu alisita, kisha akapitisha kidole. Mwili wa Kikoti ukavutwa kiunoni, ukaketi, na hapo mikono yake ikafunguka, ikashika. Kuta za shimo zilikuwa na mizizi ya misonobari, naye aliishika huku na huku. Uzi unavuta juu, yeye anavuta chini. Ngozi ya viganja ilichanika mbele ya macho yangu. Hakulia, hana sauti ya kulia. Lakini hakuachia. Akajirudisha chini, inchi kwa inchi, mpaka mgongo ukagusa udongo, akakunja tena mikono kifuani, viganja vinavuja.

Hapo nikaelewa kuwa swali langu limeulizwa na limejibiwa. Siku zote nilikuwa nahangaika nitamuulizaje mtu mwenye jibu moja tu. Alikuwa na mawili. Alikuwa anasubiri tu wamlaze kwenye shimo.

"Kikoti!" niliita, na machozi yalikuwa yananiingia mdomoni. "Unadai nini, mla mbwa? Jogoo? Hakuna jogoo hapa, kuna Wahaya na kamera!"

Mdomo wake uliochanwa na kidonda changu mwenyewe ulivutika upande mmoja.

Kulikuwa na koleo kando, la watu wa mapambo. Nikalichukua.

"Osmunda, weka hilo chini," alisema Madam. "Mgimwa, mtoe pale."

Mgimwa hakusogea.

"Mgimwa! Unasikia? Unataka kazi au hutaki?"

"Nataka, Madam." Alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi. "Lakini huyo ni mtani, na yuko msibani. Mtani akiwa kazini haguswi. Mimi ni Mhehe, Madam. Hata mama yangu hataniangalia tena."

"Msiba gani? Hapa ni kazini!"

"Basi ni kazini kwake pia," alisema Mgimwa, na akatazama kaburini, kwa mara ya kwanza, usoni kabisa. "Mzee Kikoti," alisema taratibu, akamsalimu kwa Kihehe. "Kamwene, baba. Nilikuona siku ya kwanza. Nilikuona nikakusukuma tu."

Niliteremka shimoni. Nikapiga magoti kando yake. Pampu kifuani ilikuwa inapiga haraka sana, tiki-tiki-tiki, na kwa karibu ananuka nta na rangi yangu.

"Temu," niliita bila kugeuka. "Uko tayari?"

"Nikizima namuua, dada."

"Tunamuua. Mimi na wewe. Usiniachie peke yangu na mimi sitakuachia peke yako."

"Temu, ukigusa hicho kitufe—" Madam alianza, na sikusikia mwisho wake, kwa sababu nilikuwa nimemwinamia mtani wangu sikioni, lile lililobaki.

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kuwa hakuna atakayekunywa chai ile nyingine. Lakini angeketi gogo tu, asingelisikia hata moja. Kwa hiyo nilimpa anachoweza kusikia.

"Gerevasi Kikoti, mwizi wewe. Umeniliza mara mbili kwa maiti moja. Nenda. Na huko uendako ukikuta mbwa, ujue ni malaika, usimguse."

Mkono wa kulia ukaachana na wa kushoto. Ukapanda, kiganja kimechanika, ukaacha alama ya damu kidevuni. Vidole viwili vikakaa chini ya pua. Vikacheza. Vizuri kabisa, haraka, kama asubuhi yoyote ya miaka yote ile.

"Zima," nilisema.

Tiki, tiki. Tiki.

Vidole vilibaki puani. Sikuvishusha. Nilipanda juu, nikashika koleo na kumwagia udongo, na sikumaliza koleo la tatu kabla Mgimwa hajaingia na lake, na wapishi kwa sufuria na mikono. Hakuna aliyeimba. Madam alikuwa anapiga kelele kwenye simu, anatafuta polisi, anatafuta mwanasheria. Ukungu ulimeza nusu ya maneno yake. Kamera kubwa ilikuwa bado inawaka taa nyekundu. Nadhani hakuna aliyekumbuka kuizima, au kuna mtu aliyekumbuka akaiacha.

Tulipomaliza, niliinua uso. Wakimya wengine walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa mashimo yao, safu nzima, udongo kwenye nywele, macho wazi. Wanasubiri amri. Kwa muda wote ule nilikuwa nimewasahau.

Nilikwenda kwa wa kwanza. Mwanamke mnene, wa umri wangu, ametobolewa masikio kwa ajili ya hereni ambazo hana. Mimi ndiye niliyemchora lile shimo la shingoni, na sikuwahi kujiuliza ni nani.

"Temu," nilisema. "Huyu wa wapi?"

Aliufuta uso wake kwa mkono wa shati. Hakuangalia kishikwambi. Alikuwa anawajua wote, kumbe, kila mmoja. "Kisarawe," alisema. "Mzaramo. Anaitwa Mwanahawa."

Nikawageukia watu wote waliosimama pale na mikono yenye udongo.

"Nani hapa Msukuma, mtani wake?"

Nyuma kabisa, kando ya taa kubwa, mtu wa nyaya anayeitwa Shija aliweka chini waya aliokuwa ameushika, akaanza kuja, na kabla hajafika alikuwa ameshaanza kumtukana.